Marekani Haina Kosa la Ugaidi wa Ndani, na Ni Vyema Ibaki Hivyo

Bomu lililolipuka Oklahoma City asubuhi ya tarehe 19 Aprili 1995 liliua watu 168, na 19 kati yao walikuwa watoto. Timothy McVeigh, aliyelitega bomu hilo, alipopandishwa kizimbani katika mahakama ya serikali kuu, hati yake ilikuwa na mashtaka 11. Matatu yalihusu bomu lenyewe: kula njama, kutumia silaha ya maangamizi, na kubomoa jengo la serikali kwa mlipuko. Manane yaliyobaki yalikuwa ya mauaji, na yalitaja watu wanane tu, wote maofisa wa usalama walioajiriwa na Washington. Wengine 160, wakiwemo makarani, watu waliofika kushughulikia mafao yao, na watoto waliokuwa katika kituo cha kulelea ghorofa ya pili, hawakuandikiwa shtaka la mauaji kwa majina yao. Vifo vyao viliingia kesini kupitia bomu.

Sababu yake ni kwamba nchini Marekani kuua mtu ni kosa la jimbo. Serikali ya shirikisho, yaani serikali kuu ya Washington, haina mamlaka ya jumla ya kupambana na uhalifu. Ina yale tu ambayo Katiba imeyaweka mikononi mwake: jeshi, posta, sarafu, biashara inayovuka mipaka ya majimbo, mahusiano na mataifa mengine, na ulinzi wa watumishi na mali zake. Ofisa wa serikali kuu akiuawa kazini, Washington ina la kusema. Karani wa kawaida akiuawa, mwenye kesi ni jimbo. Ndiyo maana mwaka 2004 mahakama ya jimbo la Oklahoma ilisikiliza kesi nyingine dhidi ya Terry Nichols, mshirika wa McVeigh, ingawa tayari alikuwa anatumikia kifungo cha maisha cha serikali kuu. Safari hii mashtaka ya mauaji yalikuwa 161: wale 160, na mtoto mmoja aliyekuwa bado tumboni mwa mama yake. Alitiwa hatiani kwa yote.

Katika kesi zote hizo, hakuna aliyehukumiwa kwa kosa linaloitwa ugaidi. Kila mara mtu mweupe mwenye chuki anapoingia kanisani au sokoni na bunduki, hoja inarudi kwamba hili ni pengo la aibu katika sheria za Marekani na lazima lizibwe. Hasira iliyo nyuma ya hoja hiyo naielewa na naiheshimu. Dawa inayopendekezwa ndiyo ninayoipinga.

Tuanze na sheria yenyewe, maana wengi hudhani Marekani haina tafsiri ya ugaidi wa ndani. Inayo. Sheria ya Patriot, iliyotungwa mwaka 2001 baada ya mashambulizi ya Septemba 11, iliiingiza katika kifungu cha 2331 cha sheria za jinai za shirikisho. Ugaidi wa ndani, kwa mujibu wa kifungu hicho, ni kitendo kinachohatarisha maisha ya binadamu, kinachovunja sheria ya jinai ya serikali kuu au ya jimbo, kinachofanyika hasa ndani ya Marekani, na kinachoonekana kukusudia kuwatisha raia, kuishinikiza serikali ibadili sera kwa vitisho, au kuathiri mwenendo wa serikali kwa maangamizi, mauaji ya viongozi au utekaji. Tafsiri imekamilika. Kisichokuwepo ni adhabu. Hakuna mstari unaosema atakayefanya hivyo atafungwa miaka kadhaa. Tafsiri hiyo huwasaidia wapelelezi kufungua majalada na kuomba vibali vya upekuzi, lakini mwendesha mashtaka hawezi kuichukua peke yake akaenda nayo mahakamani.

Pembeni yake ipo orodha ndefu ya makosa ambayo sheria inayaita makosa ya kigaidi ya shirikisho, na mtu aliyetenda mojawapo kwa lengo la kuishinikiza serikali au kulipiza kisasi dhidi yake huongezewa adhabu. Orodha hiyo imejaa mabomu, ndege, sumu, nyuklia na mashambulizi dhidi ya viongozi. Bunduki ya kawaida inayowalenga watu wa kawaida haimo.

Matokeo yake yanauma. Tarehe 15 Aprili 2013 sufuria mbili za presha zilizojazwa baruti na misumari zililipuka kwenye mbio za Boston na kuua watu watatu. Aliyekamatwa akiwa hai alishtakiwa kwa kutumia silaha ya maangamizi, na nchi nzima ikaiita kesi ya ugaidi. Tarehe 3 Agosti 2019 mtu aliendesha gari kwenda duka la Walmart mjini El Paso akiwa na bunduki, baada ya kuandika kwamba Walatino wanaivamia Texas, akaua watu 23. Mashtaka yake ya shirikisho yalikuwa ya uhalifu wa chuki na matumizi ya silaha. Miaka minne kabla yake, muuaji wa waumini tisa weusi katika kanisa la Emanuel, Charleston, naye alishtakiwa kwa chuki. Ukiwa mtu mweusi Marekani, au mhamiaji wa Kisomali Minnesota, unaona wazi ni nani anaitwa gaidi na nani hupewa jina jingine. Siwezi kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba macho yake yanamdanganya.

Lakini tazama adhabu. Wa Charleston alihukumiwa kifo Januari 2017. Wa El Paso alipewa vifungo vya maisha 90 mfululizo mwaka 2023. Sheria haikukosa meno hata kidogo. Na sheria hiyo ya chuki inasimama juu ya msingi ambao ningependa wasomaji wetu waujue: Marekebisho ya 13 ya Katiba, yale ya mwaka 1865 yaliyofuta utumwa, yanaipa Kongresi uwezo wa kupambana na mabaki ya utumwa huo, na humo ndimo shambulio la kibaguzi linapoingia. Kwa maoni yangu, kumshtaki muuaji wa Charleston kwa mlango huo kunaeleza ukweli wa alichokifanya kuliko neno ugaidi lingeweza kueleza.

Mpaka huu wa mamlaka si jambo la vitabuni tu. Mwaka 1992 mwanafunzi wa sekondari mjini San Antonio alikamatwa shuleni na bastola na risasi tano. Alishtakiwa kwa sheria ya shirikisho iliyokataza silaha karibu na shule. Serikali ilijitetea kwamba bunduki shuleni huharibu elimu, elimu mbovu hudhoofisha uchumi, na uchumi ni biashara ya majimbo yote. Mwaka 1995, katika kesi ya Lopez, Mahakama ya Juu iliikataa hoja hiyo kwa kura tano dhidi ya nne, kwa sababu kwa mnyororo mrefu kiasi hicho hakuna jambo lolote duniani ambalo Washington isingeligusa. Mwaka uliofuata Kongresi iliirudisha sheria hiyo na sharti moja: bunduki yenyewe iwe imepita katika biashara ya kati ya majimbo. Tangu hapo ni kawaida kumwona mwendesha mashtaka akihangaika kuthibitisha bastola ilitengenezwa jimbo gani na ilivukaje mpaka. Ni kazi inayochosha, lakini inamlazimisha aeleze kwanza kwa nini kesi hii ni yake kabla ya kumgusa mtu.

Kwetu Afrika Mashariki, mpaka huo ulipimwa juu ya wafu wetu wenyewe. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipua balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Walikufa 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam, jumla 224. Wamarekani kati yao walikuwa 12, wote Nairobi. Wengi wa waliokufa Nairobi hawakuwa hata ndani ya ubalozi: jengo la jirani la Ufundi liliporomoka lote, na wengine walikuwa ofisini, barabarani au ndani ya mabasi. Washtakiwa wanne walifikishwa katika mahakama ya shirikisho ya Manhattan, na hati iliyofika mbele ya jopo ilikuwa na mashtaka 302. Mawakili wao waliuliza swali la haki kabisa: mahakama ya New York inapata wapi mamlaka ya kuhukumu kifo cha Mkenya, kilichotokea Kenya, mikononi mwa mtu asiye Mmarekani?

Jaji Leonard Sand hakulijibu swali hilo kwa kusema kwamba huu ni ugaidi na ugaidi hauna mipaka. Alikwenda kifungu kwa kifungu. Kwanza alirejea kesi ya mwaka 1922 iitwayo Bowman. Humo, mabaharia na wenzao walikula njama kwa kuagiza tani 1,000 za mafuta ya meli huko Rio de Janeiro, wakapakia 600, wakataka kampuni ya meli inayomilikiwa na serikali ya Marekani ilipie zote. Mahakama ya Juu ilisema sheria inayoilinda serikali dhidi ya kuibiwa na kushambuliwa hufuata mali ya serikali popote ilipo, hata kama Kongresi haikutamka hivyo. Ankara ya mafuta ya Rio ndiyo iliyofungua njia ya kesi ya Nairobi. Kifungu kinachohusu kuua mtu yeyote wakati wa kushambulia jengo la serikali kwa silaha kilimlinda kila aliyekufa katika shambulio hilo, awe balozi au muuza magazeti. Hivyo wote 224 wakawa na shtaka la mauaji, kila mmoja lake, jambo ambalo wale 160 wa Oklahoma hawakulipata katika mahakama ya shirikisho.

Jambo la pili ndilo linalonivutia zaidi, na huwa halisimuliwi. Waendesha mashtaka walitaka pia kutumia sheria ya mauaji yanayotokea katika maeneo maalumu ya Marekani, wakidai viwanja vya ubalozi ni eneo la namna hiyo. Watu wengi mitaani bado huamini kwamba ukivuka geti la ubalozi umeingia nchi nyingine. Jaji Sand alikataa. Kifungu kile hakikufika kwenye balozi, akasema, na mashtaka yaliyosimama juu yake akayafuta. Hii ilikuwa kesi ya Osama bin Laden, yenye wafu 224, na bado jaji alitupa mashtaka kwa sababu ya maneno machache ya sheria. Mei 2001 jopo la wananchi 12 liliwatia hatiani wote wanne kwa mashtaka yaliyobaki, na Oktoba wakafungwa maisha. Kongresi ilipotaka balozi ziingie katika kifungu kile, iliandika hivyo waziwazi katika Sheria ya Patriot mwaka huohuo, na tena kwa makosa yanayofanywa na Wamarekani au dhidi yao tu.

Mmoja wa wanne hao, Khalfan Khamis Mohamed, mzaliwa wa Zanzibar, alikodi nyumba ya Ilala ambamo bomu la Dar es Salaam lilitengenezwa. Alikamatwa Cape Town mwaka 1999, na Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini baadaye ikaamua kwamba serikali yake ilivunja katiba kwa kumkabidhi bila kwanza kupata ahadi kwamba hatauawa. Uamuzi huo ulitoka kesi ikiwa bado inaendelea New York. Mwishoni jopo halikukubaliana kumpa kifo.

Mzanzibari mwingine, Ahmed Khalfan Ghailani, alipitia magereza ya siri ya CIA na Guantanamo kabla ya kesi yake kusikilizwa Manhattan mwaka 2010. Jaji Lewis Kaplan alimzuia shahidi muhimu wa serikali, mtu aliyedaiwa kumuuzia vilipuzi, kwa kuwa jina lake lilipatikana kwa kumhoji mshtakiwa kwa mabavu. Jopo likamwachia Ghailani kwa mashtaka 284 kati ya 285, yakiwemo yote 224 ya mauaji. Lililobaki, la njama ya kuharibu majengo na mali za Marekani, lilimpa kifungo cha maisha. Kuna waliokasirika Washington wakasema mahakama za kiraia hazifai. Mimi naona familia za Nairobi na Dar es Salaam zilinyang'anywa hukumu ya mauaji na waliomtesa mshtakiwa, na mahakama isibebeshwe lawama hiyo.

Tatizo la kweli, kwa mtazamo wangu, liko upande ambako mpaka umelegezwa. Sheria ya mwaka 1996 inampa Waziri wa Mambo ya Nje uwezo wa kuyaorodhesha makundi ya nje kama ya kigaidi, na kuyasaidia kwa fedha, huduma au hata ushauri ni kosa la hadi miaka 20. Haihitajiki kuthibitisha kwamba msaada ulinunua risasi. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba hata kuwafundisha wanachama wa kundi hilo namna ya kupeleka malalamiko Umoja wa Mataifa kwaweza kuwa kosa. Akina mama wawili wa Rochester, Minnesota, wenye asili ya Somalia, walitiwa hatiani mwaka 2011 kwa kuchangisha dola elfu nane na ushee kwa ajili ya Al-Shabaab. Mmoja alipewa miaka 20, mwingine 10. Al-Shabaab imemwaga damu nyingi, na Westgate na Garissa hatujazisahau. Lakini anayetuma fedha kiasi hichohicho kwa kundi la wabaguzi wa Alabama hatendi kosa kwa kutuma tu. Lazima ithibitishwe alijua au alikusudia fedha hiyo isaidie uhalifu fulani.

Wanaotaka usawa husema: basi tuilete nyumbani sheria hiyo ya orodha. Swali ni nani ataishika kalamu. Septemba 2025 Rais Donald Trump alisaini amri inayoitangaza Antifa kuwa kundi la kigaidi la ndani. Antifa haina ofisi wala mwenyekiti wala daftari la wanachama. Ni msimamo wa kupinga ufashisti ambao watu wengi tofauti hujinasibu nao. Na hakuna sheria ya Kongresi inayompa rais mamlaka ya kuorodhesha makundi ya ndani, kwa hiyo amri hiyo peke yake haiwezi kumfunga mtu kwa kuwa mwanachama au kwa kuchangia nauli ya maandamano. Kama pengo ninalolitetea lingekuwa limezibwa miaka iliyopita kwa nia njema, baada ya Charleston au El Paso, amri ile ingekuwa na kifungo cha miaka 20 nyuma yake. Wengi wa waliolilia sheria hiyo ndio wangekuwa wa kwanza kuonja makali yake.

Majimbo yenye kosa la ugaidi yanatuonyesha jinsi linavyotanuka. New York ilitunga lake siku chache baada ya Septemba 11. Kesi ya kwanza kubwa haikuhusu mtandao wowote wa kimataifa. Ilimhusu kijana wa genge la Bronx, katika vurugu za mwaka 2002 kwenye sherehe ya ubatizo zilizomuua mtoto wa miaka 10. Iliichukua hadi Desemba 2012 mahakama ya juu kabisa ya jimbo kusema kwamba ugomvi wa magenge si ugaidi, na kuamuru kesi irudiwe kwa sababu neno hilo lilikuwa limewafungulia waendesha mashtaka mlango wa kuingiza miaka ya matendo mengine ya genge. Septemba 2025 jaji wa Manhattan alifuta mashtaka ya kigaidi dhidi ya kijana aliyedaiwa kumuua kwa risasi mkurugenzi wa kampuni ya bima ya afya, mashtaka ambayo kijana huyo alikuwa ameyakana. Shtaka la mauaji likabaki. Chuki dhidi ya kampuni za bima, hata ikiwa kali kiasi gani, haikutosha kuonyesha kusudio la kuwatisha raia au kuishinikiza serikali. Katika kesi zote mbili kosa la mauaji lilikuwepo tangu mwanzo, na lilitosha.

Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kuona nguvu ya neno hilo. Tanzania ilitunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi mwaka 2002, katika wimbi la sheria zilizofuata Septemba 11. Julai 2021 Freeman Mbowe, mwenyekiti wa Chadema wakati huo, alikamatwa Mwanza mkesha wa kongamano la katiba mpya, akashtakiwa kwa ugaidi, kosa lisilo na dhamana. Alikaa mahabusu zaidi ya miezi saba hadi tarehe 4 Machi 2022, DPP alipoieleza mahakama kwamba hana nia ya kuendelea na kesi. Kenya nako, baadhi ya waliokamatwa baada ya maandamano ya Juni 25, 2025 walifikishwa mahakama ya Kahawa kwa mashtaka ya ugaidi. Pale ambapo jina la kosa linamnyima mtu dhamana, serikali haihitaji kushinda kesi ili mtu akae ndani.

Kama Kongresi inataka kuondoa tofauti isiyo ya haki kati ya kesi ya Boston na ya El Paso, njia nyembamba ipo. Iongeze katika orodha ya vitendo shambulio la kuua raia wengi kwa bunduki, kwa sharti kwamba silaha imevuka mpaka wa jimbo, na nia ya kuishinikiza serikali au kuwatisha raia ithibitishwe mbele ya jopo bila kuacha shaka, badala ya kuachiwa jaji wakati wa kupanga adhabu. Kitendo kitajwe na silaha itajwe. Mshtakiwa ajue ni nini hasa anadaiwa kufanya, tarehe ipi, na dhidi ya nani. Orodha ya makundi isiwepo, wala kosa la kuchangia kundi, wala waziri wa kuamua nani aingie na nani atoke. Hata hapo ningetaka sheria iwe na tarehe ya kufa, miaka mitano, ili Bunge litakalofuata lilazimike kutazama ni akina nani walioshtakiwa kwayo kabla ya kuipigia kura tena.